Kiunga na Mji: Kujitawala au Kujitenga?

Katika lugha yetu kipo kiambishi kidogo chenye kazi kubwa, nacho ni -ji-. Kikiingia katika kitenzi, humrudishia mtu tendo lake mwenyewe. Hivyo twasema kujitawala, kujitegemea na kujitenga. Masikioni maneno haya matatu ni kama ndugu wa tumbo moja. Walakini katika maadili hayafanani. La kwanza ni haki ya kila umma. La pili, ambalo Watanzania tumelizoea sana tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ni wajibu wa kila mtu mwenye nguvu. La tatu, aghalabu, ni lawama. Katika insha hii twakusudia kuuliza: watu wa kiunga wanapotaka kujitoa katika utawala wa mji wenye shida, wajiendeshee mambo yao wenyewe, je, wanajitawala au wanajitenga?

Swali hili si la kubuni. Katika jimbo la Louisiana, nchini Marekani, uko mji wa Baton Rouge. Mji huo na wilaya inayouzunguka, ambayo huko huitwa parishi, viliunganishwa chini ya serikali moja kwa mpango uliokubaliwa mwaka 1947 na kuanza kutumika mwaka 1949. Upande wa kusini-mashariki, nje ya mipaka rasmi ya mji lakini chini ya serikali hiyo hiyo, kulikua viunga vyenye nyumba nzuri na wakazi wenye kipato cha kutosha. Wakazi hao walilalamika kwamba shule za umma zilikuwa duni, uhalifu ulikuwa mwingi, na kodi waliyolipa haikuwarudia kwa kadiri walivyoitoa. Mwaka 2012 na 2013 walijaribu kupata wilaya yao ya shule, lakini hazikupatikana kura za kutosha bungeni za kuibadili katiba ya jimbo. Ndipo wakaona waanze na mji kwanza, shule zifuate baadaye. Mwaka 2015 saini zao zilipungua kidogo zisifike idadi iliyotakiwa na sheria. Hawakukata tamaa. Tarehe 12 Oktoba 2019 ilipigwa kura, na asilimia 54 wakakubali mji mpya wa St. George. Viongozi wa Baton Rouge walikwenda mahakamani, nao wakashinda katika ngazi mbili za chini. Lakini mwezi Aprili 2024 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo iligeuza hukumu hizo, na mji wa watu wapatao 86,000 ukazaliwa.

Hapana budi tuanze kwa kuwatendea haki waliotoka. Ni rahisi kumwita mtu mbinafsi hali wewe huna mtoto katika shule yake. Mzazi anayeona mwanawe hajui kusoma hawezi kungoja miaka ishirini mpaka serikali itengemae. Mtoto hangoji, hukua. Tena, utawala ulio karibu na watu una faida zake: diwani anajulikana nyumba yake, hesabu za fedha zinaulizika, na barabara iliyobomoka inaonwa na macho ya yule mwenye amri ya kuitengeneza. Sisi tuliopigania uhuru wetu tukisema kwamba hakuna mtu mwema kiasi cha kumtawala mwingine bila ya ridhaa yake, hatuwezi kuibeza kiu ya watu ya kujiamulia mambo yao.

Lakini hoja haiishii hapo, kwa sababu kiunga hakikuota peke yake kama uyoga. Neno lenyewe latufundisha: kiunga ni ndugu wa kuunga. Ni sehemu iliyoungana na mji, ikakua kwa sababu mji upo. Watu wake hufanya kazi katika ofisi na viwanda vya mji, huuguzwa katika hospitali zake, na husafiri kwa barabara zilizojengwa kwa mfuko wa wote. Mfano ulio wazi ni Bonde la San Fernando, lililo sehemu ya mji wa Los Angeles. Mwaka 1913 Los Angeles ilifungua mfereji mkubwa wa kuleta maji kutoka mbali, na mwaka 1915 sehemu kubwa ya bonde hilo ilikubali kuingia katika mji ili ipate maji hayo. Mashamba yake, na baadaye nyumba zake, zilistawi kwa maji ya wote. Vizazi vichache baadaye, wajukuu wa maji hayo walisema kwamba mji umekuwa mzigo. Je, deni la namna hii huisha lini? Sheria huhesabu deni kwa hati. Maadili huhesabu hata lile lisiloandikwa.

Katika Baton Rouge liko deni jingine zito zaidi, nalo ni la rangi. Watu weusi wa mji huo waligomea mabasi mwaka 1953, kabla ya mgomo mashuhuri wa Montgomery. Mwaka 1956 ilifunguliwa kesi ya kudai watoto weusi na weupe wasome pamoja, na shauri hilo lilichukua miaka 47, hadi yalipofikiwa mapatano mwaka 2003. Katika miaka ile ile ya kumalizika kwake, miji midogo ya jirani ilianza kupata wilaya zake za shule, mmoja baada ya mwingine: Zachary na Baker mwaka 2003, kisha Central mwaka 2007. Baton Rouge ni mji ambao wakazi wake wengi ni weusi, St. George ni mahali ambapo wengi ni weupe. Waliotaka mji mpya walikana kwamba rangi ndiyo iliyowasukuma, wala sisi hatuna kipimo cha kupimia nyoyo za watu. Walakini tendo hupimwa kwa matunda yake pia, si kwa nia peke yake. Kama baada ya safari ndefu ya kuwakutanisha watoto, mipaka mipya yawatenganisha tena, basi mtoto aliyebaki upande wa pili hana faida na usafi wa nia ya jirani yake.

Hapa lazuka swali ambalo twaliona ndilo kiini cha jambo lote: ni nani mwenye haki ya kupiga kura? Mwaka 2019 walioulizwa ni wale tu waliokaa ndani ya mipaka ya mji uliotakiwa. Wale ambao wangebaki na mfuko uliopungua hawakuulizwa. Huko Los Angeles mambo yalikwenda kinyume. Mwezi Novemba 2002 sheria ilitaka kura mbili zikubaliane: ya watu wa bonde, na ya mji mzima. Watu wa bonde walikubali kwa wingi mdogo sana. Mji mzima ulikataa kwa wingi mkubwa, na bonde likabaki ndani. Msomaji atauliza: ipi kati ya njia hizi ni ya haki? Twaona kila moja ina kilema chake. Anayetoka akiamua peke yake, aliyebaki hufanywa kama kitu kisicho na sauti. Anayebaki akiwa na kauli ya mwisho, anayetaka kutoka huwa kama mke asiyeweza kupewa talaka mpaka mume apende. Haki haimo katika kuhesabu kura tu. Imo katika kuhesabu madhara yatakayowapata watu, kisha kuyagawa kwa uwiano.

Njia ya tatu yaweza kuonekana katika mji wa Montreal, nchini Kanada. Mwaka 2002 serikali ya jimbo la Quebec iliviunganisha viunga vyote vya kisiwa hicho na mji mkuu, bila ya wengi wao kupenda. Serikali nyingine ilipoingia iliwaruhusu wakazi kupiga kura mwaka 2004, na mwaka 2006 viunga 15 vikarudishiwa halmashauri zao. Lakini havikuachiwa vitoke mikono mitupu ya wajibu. Polisi, zimamoto, maji na usafiri wa umma viliendelea kuwa vya kisiwa kizima, na kila upande ukachangia gharama. Manung'uniko juu ya mgawanyo wa gharama hizo hayakukosekana. Lakini msingi wake watufaa: mtu aweza kuwa na mlango wake bila ya kubomoa paa linalomfunika jirani.

Tusiusahau nao mji wenyewe. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Lakini mafiga yakiwa matatu na moja likaachwa kuliwa na moto peke yake, nalo lina haki ya kulalamika. Serikali ya mji ambayo hupokea kodi ya viunga na kuviacha katika mashimo, au iachayo shule zife huku ikidai umoja, huihubiri jamaa isiyoitunza. Umoja haulindwi kwa amri ya mahakama. Hulindwa kwa huduma inayoonekana, kwa hesabu zilizo wazi, na kwa viongozi wasikiao kilio kabla hakijawa karatasi ya saini.

Basi twarudi kwenye maneno yetu matatu, nasi twapendekeza vipimo vitatu vya kuyatofautisha. Kwanza, tuulize kama wanaotoka wanachukua mzigo wao au wanauacha kwa wengine; kwani anayejitegemea hubeba na deni lake. Pili, tuulize kama wanaobaki wamepewa nafasi ya kusema na kusikilizwa. Tatu, tuulize kama mlango unaofungwa waweza kufunguliwa na mtu maskini, au wa rangi nyingine, atakayetaka kuhamia kesho. Kiunga kikifuzu vipimo hivi vyote, kinajitawala, nasi hatuna neno. Kikishindwa, basi hata kama sheria imekiridhia na kura zimetosha, kimejitenga.

Wanafunzi watakaosoma kurasa hizi, siku moja baadhi yao watakuwa madiwani, mahakimu na wakurugenzi wa halmashauri. Wataletewa mezani ramani na penseli, na mstari mdogo watakaouchora utakata shule, soko na bomba la maji. Kabla ya kuuchora, na waulize nani anakaa upande wa pili wa mstari.