Je, kuweka akiba ni kukosa imani?

Bwana wetu Yezu alitufundisha tusihangaike kwa ajili ya kesho. Basi wengine husema: anayeweka akiba hamtumaini Mungu. Je, ni kweli?

Tutazame jambo moja. Huko juu, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, kuna kituo cha mataifa mengi kinachozunguka dunia. Tangu Novemba 2000 hakijakosa watu. Hawana shamba wala soko; chakula chao hupelekwa na vyombo vya mizigo visivyo na mtu ndani. Wapangaji wa safari hizo hawangoji ghala iwe tupu. Hutumia vyombo vya namna mbalimbali, tena hulimbika huko juu chakula cha miezi kadhaa.

Oktoba 2014 roketi moja ya Marekani ililipuka pamoja na mzigo wake. Aprili 2015 chombo cha Urusi kikapotea. Juni, kingine cha Marekani kikavunjika angani. Vitatu katika miezi minane! Lakini hakuna aliyelala njaa, na tarehe 5 Julai chombo kingine cha Urusi kikafika salama.

Wapangaji hao hawakujiwekea wenyewe; walifikiri njaa ya wenzao. Tofauti iko hapo. Mwenye hangaiko hujifungia ghala. Mwenye upendo huwaza mapema mlo wa mwingine, kama Yozefu kule Misri.

Wazazi, tusiuite uvivu wetu imani. Tukila leo mbegu zote, watoto watapanda nini?