Morogoro Haihami

Mpwa wangu, nimekusikia. Mwezi wa saba unataka kupiga Dar mpaka Morogoro kwa siku moja, karibu kilomita 200, na tangu Idd hujavuka Bunju. Sikukatazi, nimeshachoka kukataza watu. Nisikilize tu mpaka nimalize, kisha ukajaze upepo uende zako.

Vijana mnaanza na namba kubwa kwa sababu inapendeza kuitaja kijiweni. Mimi ningekuuliza kwanza utapanda baiskeli siku ngapi kwa mwezi, hata pasipo wa kukuona.

Alikuwapo Mwingereza mmoja, Arthur Eddington, mtaalamu wa nyota, yule aliyekwenda kisiwa cha Príncipe mwaka 1919 kupiga picha jua lilipopatwa, picha zilizomtangaza Einstein duniani. Baiskeli yake aliipimia hivi: namba yako ni 20 ikiwa una siku 20, na kila siku uliendesha maili 20 au zaidi. Alipofariki mwaka 1944 yake ilikuwa 84. Yaani siku 84, na hakuna hata moja iliyopungua maili 84, kama kilomita 135.

Wewe hesabu kwa kilomita. Ukiitafuta 40, Morogoro yako yote ni siku moja tu, sawasawa na Jumapili uliyokwenda 40 ukarudi kula. Ukiisaka 60, zile siku za 45 na 55 hazikusaidii tena. Hapo ndipo wengi hununa wakaiegesha baiskeli ukutani. Usinune. Ongeza tatu, ongeza nne, acha wiki zipite.

Na upepo umeuhesabu? Bagamoyo ni kilomita sitini, sabini, inategemea umetokea mtaa gani. Mwezi wa saba ni kusi: upepo unakusukuma mgongoni, unajiona umekomaa, unapitiliza. Deni linadaiwa wakati wa kurudi. Upepo usoni, jua la saa nane, pancha pale Mapinga, unafungua solusheni unakuta imekauka. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka, unataabika kwenda, unarudishwa nyumbani. Kwa hiyo msimu wa kusi, anayeelekea Bagamoyo hugeuza usukani kabla hajachoka. Akishachoka amechelewa.

Wafaransa wana safari ya Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano. Siku hizi ni ya watu wa kawaida. Wengi hupewa saa 90, kula na kulala humohumo. Piga hesabu, ni kilomita 13 na kidogo kwa saa! Ila kabla ya kuruhusiwa, mtu amalize 200, 300, 400 na 600. Hiyo 200 ina saa 13 na nusu, na hakuna anayekuuliza ulikimbiaje, mradi umefika muda haujaisha. Na wewe pima hivyohivyo, ile saa ya mkononi inayokuhesabia kasi iache kabatini.

Mwezi huu nipe Bunju kwenda na kurudi mara nane, Bagamoyo mara moja. Mwezi ujao Chalinze, ulale hukohuko, asubuhi upakie baiskeli kwenye buti la basi. Barabara ile ina malori, toka alfajiri. Tukimaliza hayo ndipo uniletee habari za Morogoro. Na mama yako akiuliza nani kakuruhusu, usinitaje. Dada yangu ameshanigombeza vya kutosha mwaka huu.