Siri Haiko Majini

Kila panapozuka habari ya chombo kilichopotea, walimwengu huitaja Bermuda. Tarehe 5 Disemba 1945, ndege tano za jeshi la majini la Marekani ziliruka kutoka Florida na watu 14, na hadi leo hazijaonekana. Sisi wa Pemba hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tunao mkondo wa Nungwi, na kila avukaye kutoka Unguja anapajua pahali ambapo mazungumzo hukatika na nyuradi huanza.

Wahenga walinena kuwa bahari haishi zinge. Ni kweli. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Wete, ilikuwa imesheheni watu na mizigo kupita kiasi. Maiti 203 zilipatikana; tume ya uchunguzi baadaye ikataja waliopotea kuwa zaidi ya 1,300. Mkondo haukuanza usiku ule. Manahodha wa majahazi waliujua na kuuheshimu kabla injini haijafika kwetu. Fumbo lilikuwa katika hesabu: wengi waliopotea baharini walikwishapotea gatini, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa.

Haikupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, mbali na Nungwi. Kama ni jini, basi alihama.

Je, tukatae kusema kwamba yaliyotokea ni kudra? La. Lakini neno hili moja lina vinywa viwili. Mama aliyengoja ufukweni, asipate hata kaburi la kulizuru, akilitamka, neno hilo ni stara ya moyo wake, wala hatuna haki ya kumvua. Aliyejaza meli akilitamka, limegeuka pazia. Imani haimwondolei mtu dhamana. Atawakaliye hufunga ngamia wake kwanza.

Atasema msemaji kwamba kujua sababu hakumrudishi marehemu. Naam, hakumrudishi. Lakini msiba usiotafutwa chanzo chake huwa deni, na deni hilo hulipwa na abiria wa safari ijayo, ambaye hakulikopa.

Basi tuwarehemu waliotutangulia. Kisha, siku tutakapoikanyaga ngazi ya meli, tuulize bila ya haya: tu wangapi humu, na majina yetu yameandikwa wapi?