Kifafa na Lawama



Mwenye kifafa aangukapo mbele ya watu, wengi wetu hukimbilia neno moja: jini. Na neno hilo huja na mwenziwe, nalo ni lawama. Huulizwa: wazee wake wamekosa nini? Basi na tujiulize: je, ni haki kumlaumu mtu kwa maradhi asiyoyachuma?

Natumtazame kiumbe asiye na dhambi wala sharia juu yake, naye ni panya. Mwaka 1947 mtaalamu wa Kimarekani, Calvin Hall, alieleza habari za panya wa nasaba mbili waliopigiwa kengele. Wengi wa nasaba moja walikurupuka wakakimbia ovyo, wakaanguka, wakatetemeka na kukakamaa, hata wengine wakafa. Wa nasaba ya pili, walio wengi hawakudhurika. Mlio ni ule ule. Tofauti ilikuwa katika maumbile waliyorithi.

Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha njia yenyewe. Sauti ikitoka sikioni hufika mahali katika ubongo wa kati panapoipokea. Hapo ziko chembe zenye kuzitia lijamu chembe nyingine, zisipite kiasi. Kwa panya hawa lijamu hiyo ni dhaifu: chembe hushtuka kwa pamoja, na mshtuko huo huteremkia shina la ubongo, viungo vikaenda mbio visiamrishwe. Mahali hapo pakiharibiwa pande zote mbili, kengele hulia na panya haanguki.

Kweli, kifafa cha wanadamu kina sababu nyingi, na kiletwacho na sauti ni kichache. Lakini asili yake ni ubongo, na Ibn Sina alikwisha kukihesabu katika maradhi ya ubongo miaka kama elfu iliyopita.

Huenda mtu akasema: basi mwamtoa Mwenyezi Mungu katika jambo hili? Hasha! Aliyeumba ubongo ndiye aliyeweka sababu. Wala hatukanushi kuwako majini, kwani Kurani imewataja. Twakataa kumbandika jini kila mgonjwa tusiyemfahamu.

Katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, mwanamke mwenye kuanguka alimwendea Mtume (S.A.W.). Alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee afya. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke mwili aangukapo, Mtume akamwombea. Hakupigwa, hakuaibishwa, hakuulizwa dhambi yake. Wala isisemwe kwamba kusubiri ni kuacha dawa, kwani Mtume huyo huyo ametuamrisha kujitibu.

Basi mgonjwa akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, na mpelekeni kwa daktari. Mwalimu asimfukuze chuoni. Na ikiwa lazima lawama imshukie mtu, haimshukii aangukaye. Yamshukia amnyimaye mtoto dawa, kisha akamnunulia hirizi.