Reli ya Uani na Mvua ya Mungu

Reli ya kutoka Kisumu hadi Butere, nchini Kenya, ina upana wa mita 1. Treni ndogo za bustani ambazo chapa ya LGB ya Ujerumani ilianza kuziuza mwaka 1968 hupita juu ya reli ya milimita 45, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Piga hesabu: ni reli ya Butere ile ile, imefanywa ndogo.

Basi mpenzi wa treni anayetaka kuiweka Butere uani kwake, mjini Kakamega, ataweza mengi. Mvua hataiweza. Hapa hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yakianza Machi, changarawe iliyomwagwa jana chini ya mataruma huzolewa na maji, reli ikabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo maana kuchimba na kushindilia ni kazi za Desemba hadi Februari. Miezi ya mvua ni ya kukaa barazani, kupaka mabehewa rangi na kuchonga kituo cha mbao.

Lakini anayeandika daftarini mwezi Mei kwamba Januari atajenga daraja, hiyo Januari ameahidiwa na nani?

Waislamu wa Mumias wanalo jibu katika Surat al-Kahf: usiseme utafanya jambo kesho bila kutaja mapenzi ya Mungu. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaojipangia faida ya mwaka mzima. Hata hivyo Luka, sura ya 14, anamleta mjenzi wa mnara ambaye inampasa kuketi kwanza ahesabu gharama. Wengine huona mgongano hapo. Haupo. Yakobo anakemea majivuno. Daftari la mjenzi hakuligusa.

Kule jirani, Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi husoma miti inavyochipua na mienendo ya ndege na wadudu, na kwa miaka kadhaa wamekaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kulinganisha utabiri wa msimu. Pande zote mbili hutaja dalili, kisha husubiri mawingu.

Mjenzi wa uani naye hufanya vivyo hivyo kwa jembe. Kabla ya kulaza chuma hata kimoja anachimba mtaro, mpana kuliko maji ya mwaka jana, ukiteremka taratibu hadi migombani.