Lililo Lazima na Linalotosha

Kila aliyesoma fiqhi ajua kwamba udhu ni sharti la sala: ukikosekana, sala haisihi, lakini ukiwapo, haifuati kwamba sala imekwisha kusihi, kwani mtu aweza kutawadha vema kisha akasali kabla ya wakati, au asisali kabisa. Tofauti hii baina ya lililo lazima na linalotosha ndiyo ambayo wanazuoni wa usuli waliishughulikia tangu zamani, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitangulizia kitabu chake Al-Mustasfa mukadima wa mantiki, akiamini kwamba asiyeidhibiti mizani hiyo elimu yake haitegemeki. Nao mtihani wa LSAT, ambao wanaotaka kusomea sheria Marekani wameufanya tangu mwaka 1948, huwataka watahiniwa waipambanue tofauti iyo hiyo katika dhana ambazo msemaji amezijengea hoja yake pasipo kuzitamka.

Na tuchukue kesi. Wakili adai kwamba mshitakiwa hakuvunja ghala la karafuu mjini Unguja kabla ya alfajiri, maadamu shahidi asema alimwona Wete, kisiwani Pemba, magharibi ya jana yake. Dhana moja iliyofichika humo ni kwamba shahidi hakumfananisha mtu. Ikanushe, useme kwamba alimfananisha, na hoja yote yaanguka. Basi dhana hiyo ni ya lazima. Lakini haitoshi, kwani hata shahidi akiwa mkweli, baina ya magharibi na alfajiri upo usiku mzima wa kuvuka bahari. Ongeza sasa kwamba usiku ule hakuvuka mtu yeyote kutoka Pemba kwenda Unguja, na natija yathibiti pasipo shaka. Ila nyongeza hiyo yapita haja, kwa sababu lau wavuvi kumi wangalivuka na mshitakiwa akabaki Wete, asingalikuwa na hatia hata chembe. Tena izingatiwe kwamba dhana ya lazima ikianguka, kilichoanguka ni hoja, si natija: shahidi akithibitika kukosea, mshitakiwa hajawa mwizi kwa hilo, bali amepungukiwa na dalili moja tu.

Hapa ndipo mantiki inapokuwa sehemu ya uadilifu. Anayelidhani lililo lazima kuwa latosha humwachilia mtu, au humtia hatiani, kwa ushahidi nusu. Na anayelidhani linalotosha kuwa ni lazima humdai mwenziwe burhani ambayo haki haikumdai, kisha akamhesabu mwongo kwa kuikosa. Wote wawili huweza kuwa na nia njema, wala nia yao haimponyi aliyedhulumiwa. Kwa hiyo kila atakayehukumu, awe kadhi au mzazi baina ya wanawe, imempasa ajiulize kwanza: je, pasipo hili hoja yaanguka? Kisha: je, kwa hili peke yake natija yathibiti? Na asitoe hukumu mpaka ameyajibu yote mawili, kila moja mahali pake.