Shahidi Asiye wa Dini Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mtu asiyeswali pamoja nawe akikwambia kosa la wazee wako, utamsikiliza ao utamfukuza?

Alikuwako mwanachuoni Myahudi, jina lake S. D. Goitein, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1900 na kufa Marekani mwaka 1985. Kwa zaidi ya miaka 30 alisoma karatasi kuukuu zilizopatikana katika sinagogi la Fustat, huko Misri. Mayahudi wa mji ule waliogopa kutupa karatasi yenye jina la Mungu, basi wakaziweka: barua za biashara, mikataba, talaka, maombi ya maskini, nyingi za karne ya 11 hadi ya 13. Akatunga juu yake kitabu kikubwa. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona Mwislamu na Myahudi wakishirikiana biashara, na Myahudi akienda mwenyewe kwa kadhi kutafuta haki yake. Hayo tunayasikia kwa furaha. Lakini mwanzoni alidhani, kama wengi, kwamba jizya ilikuwa mzigo mwepesi. Barua zikamkatalia. Alikuta maskini wakijificha nyumbani kwa kumwogopa mtoza kodi, na wengine wakitiwa gerezani. Naye hakuona haya kubadili neno lake.

Hapo ndipo penye mtihani wetu. Utapokea nusu ya ushahidi na kuikataa nusu? Shahidi ni yuleyule.

Tena vitabu vyetu vinatufundisha. Abu Yusuf, kadhi wa Harun al-Rashid, anasimulia kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee Myahudi, kipofu, akiombaomba kwa sababu ya jizya na uzee. Umar alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa, kisha akaamuru yeye na walio kama yeye waondolewe jizya. Basi aliyemtesa maskini wa Fustat aliiacha njia ya Umar, na anayemtetea leo anaiacha vilevile.

Ndugu yangu, sisi hapa Kongo ni wachache. Tunataka jirani aliye wengi atutendee haki, na akitukosea akubali. Je, kipimo hicho tunakikubali kwetu? Sura ya al-Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki.

Ukitoka msikitini leo, mkumbuke jirani asiye wa dini yako ambaye una haki yake mkononi. Mrudishie kabla hajakushtaki mbele ya Allah.

Allah atujaalie kuipokea kweli popote itokapo. Amin.